Mti Namba Sitini na Nane

Kila asubuhi, kabla baba yake hajaipiga teke pikipiki, Karani alikuwa na kazi moja ya lazima: kufunika chai. Alifunika kikombe chake kwa kisahani, akafunika na cha baba, akausukuma mkate chini ya kitambaa, ndipo aseme, "Tayari." Pikipiki ile ililala ndani, miguuni pa kitanda cha baba, maana ikilala nje itaamkia kwa mwingine. Na haikuwaka bila kukohoa. Ilikohoa mara tatu, mara nne, moshi mweusi ukajaa chumba, ukapanda ukutani, ukaingia kwenye sare ya shule iliyoning'inia msumarini. Siku ambayo Karani alisahau kufunika, walikunywa chai yenye ladha ya utambi.

"Nimewaambia wakubwa waitengeneze," baba alisema kila asubuhi, kama mtu anayetimiza sala. "Wanasema iko kwenye mpango. Mpango wenyewe naona ni mimi nife kwanza."

Pikipiki haikuwa yake. Ilikuwa ya kampuni inayouza vitu kwa simu. Mtu anakaa sebuleni kwake, anabonyeza, na kesho yake viatu vinabisha hodi mlangoni. Jioni baba alichukua ghalani vifurushi vya kesho, akaja navyo nyumbani, akavipanga sakafuni mtaa kwa mtaa, na Karani akamsaidia. Waliishi wawili tu, tangu mama alipofariki miaka mitatu nyuma, na kazi ile ilikuwa ndiyo mazungumzo yao. Walikuta vichekesho humo: sanduku linaloweza kulaza kuku na vifaranga vyake, ukilitikisa, ndani kinalia kijiko kimoja. Kijiko kimevikwa plastiki, na plastiki imevikwa plastiki nyingine yenye mapovu, kama mwana wa mfalme anayeogopewa mafua.

Kila sanduku lilikuwa na stika ya kijani, mviringo, yenye picha ya jani. Iliandikwa, "Kifurushi hiki hakikuchafua hewa. Tumekupandia mti," na chini yake namba ya mti. Maelezo ya kampuni yalikuwa mepesi kama maji. Pikipiki inatoa moshi, mti unameza moshi. Mteja akiongeza kidogo juu ya bei, anapandiwa mti wake, na moshi wa kifurushi chake unahesabiwa kuwa umefutwa. Baba alipoisoma mara ya kwanza aliitazama stika, akalitazama bomba la pikipiki, akakohoa.

Miti yenyewe ilipandwa shuleni kwa Karani.

Shule ile ilikuwa na sifa moja iliyokufikia puani kabla macho hayajaiona: vyoo. Matundu sita kwa wanafunzi mia saba, na bomba lilikuwa limekauka tangu mwaka juzi. Wakubwa wa maji walikuja, wakaandika, wakaondoka. Wakaja wengine, wakaandika, wakaondoka. Waliobaki ni nzi. Sakafu ilikuwa na utelezi ambao hakuna aliyetaka kujua ni wa nini. Wasichana walijizoesha kutokunywa maji asubuhi nzima ili wasilazimike kwenda huko, na kila muhula kulikuwa na madawati matupu kwa sababu ya kuhara. Spika, rafiki wa Karani, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hata akinong'ona anasikika darasa la jirani, alisema choo kile hakihitaji mlango. Harufu yake inatosha kuwa ukuta.

Basi kampuni ilipokuja na ahadi yake, nani angekataa? Miche mia moja ingepandwa uwanja wa nyuma. Mwisho wa muhula, themanini ikikutwa hai, shule ingepewa tangi kubwa la maji, na gari la kulijaza lingekuja kila wiki. Mwalimu Mkuu alipoisoma ahadi hiyo mbele ya wanafunzi, sauti ilimkatika kwa furaha. Kisha akamteua msichana wa miaka kumi na miwili, mwenye mwandiko safi kuliko wote, kuwa karani wa miti. Kila Ijumaa apite mche kwa mche na daftari, aandike "hai" au "umekufa". Jina lake la nyumbani likasahaulika kuanzia siku ile.

Siku ya kupanda, kampuni ilimtuma ofisa ambaye kamera haikutoka shingoni mwake, nao watoto wakamwita Bwana Picha. Lori la miche lilichelewa, na wakubwa wake walitaka picha kabla ya adhuhuri. Kila mche ulikuwa ndani ya kifuko cheusi cha plastiki kilichojaa udongo. Spika aliuliza kama vifuko vichanwe kwanza. Bwana Picha akatazama saa, akajibu kuwa hakuna muda, pandeni hivyo hivyo, plastiki itaoza yenyewe. Na mtoto ni nani ambishie mtu mwenye viatu vya kung'aa? Wakafukia miche tisini na mifuko yake. Kila mmoja ukafungwa kibati chenye namba, watoto wakainama wameshika majani, wakatabasamu, wakapigwa picha. Lori likaondoka. Miche kumi ilisahaulika, imeegemea ukuta.

Hiyo kumi waliipanda mchana na mlinzi wa shule. Yeye alivichana vifuko kwa meno, akatema plastiki pembeni, akasema mzizi si mguu, hauvai soksi. Mstari ule wa mwisho haukupigwa picha na mtu yeyote.

Wiki ya tatu majani yakaanza kugeuka rangi. Karani na Spika walibeba maji ya chupa kutoka nyumbani, wakamwagia, maji yakakaa juu kama yamekataliwa kuingia. Ijumaa moja Karani alisimama mbele ya mche namba kumi na mbili. Ulibaki na jani moja, rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Upepo ukaja kutoka upande wa vyoo. Karani akaziba pua kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akaandika, "hai".

Uongo wa kwanza ulimkwama kooni. Wa pili ulipita. Wa ishirini hata hakuusikia.

Bwana Picha alipotangaza kuwa anakuja kupiga picha za katikati ya muhula, uwanja ulikuwa umejaa vijiti vikavu. Spika ndiye aliyetania kwamba wigo wa shule una matawi mengi ya kijani, tena tawi la wigo ule likikatwa hukaa wiki mbili bila kunyauka. Lilikuwa neno la mzaha. Lakini kesho yake wanafunzi saba, Karani na Spika wakiwamo, walikuja na kisu cha jikoni, wakakata matawi, wakang'oa vijiti, wakachomeka matawi mahali pake na kuyafunga vibati vilevile.

Bwana Picha alikuja, akainama, akagusa tawi moja. Tawi likalala. Akainua macho akamtazama Karani, na Karani akangojea kushikwa sikio na kupelekwa ofisini. Kwa kweli alikuwa karibu kushukuru. Badala yake ofisa alicheka. Akalisimamisha tawi, akalikandamiza kwa ncha ya kiatu.

"Mna akili nyinyi," alisema. "Sikiliza, binti. Mteja hanunui mti. Ananunua usingizi. Picha ikiwa nzuri, mti upo."

Akamshauri wawe wanabadilisha matawi kila baada ya wiki mbili, akampa kalamu yenye jani la kampuni, akapiga picha zake na kwenda zake. Karani alibaki ameishika ile kalamu. Alikuwa amevizoea vyoo, lakini siku ile kilimpanda kichefuchefu ambacho vyoo havijawahi kumletea. Mtu mzima amemkuta na uongo, naye ameupapasa kichwani kama mtoto mzuri. Aliitupa kalamu chini kabisa ya begi na hakuiandikia.

Jumamosi Karani alimsaidia baba kupeleka vifurushi mtaa wa mafundi. Kwenye kona kabisa, mlango ukitazama barabara, alishona mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mtaa mzima ulimwita Mama Sindano. Wiki ile peke yake alikuwa amepelekewa zipu siku moja, vifungo siku nyingine, na sasa uzi mweusi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Lete hapa." Hakuangalia uzi. Aliibandua stika kwanza, akaisoma kwa mbali, kwa karibu, akatabasamu. Alimweleza Karani kwamba pikipiki kumi na mbili zilizompita asubuhi ile zilimtemea moshi usoni, na kwamba yeye mwenyewe aliona haya kuwa mmoja wa wanaoziita. Ndiyo maana alilipia mti. Namba yake ni sitini na nane. Mume wake alikufa kwa kifua. Alikuwa fundi hapo hapo mlangoni, amekaa kiti hicho hicho. "Wewe si ndiye karani wa miti? Sitini na nane wangu hajambo?"

Karani akaliona akilini tawi la wigo, kibati shingoni.

"Hajambo, Mama. Anakusalimu."

Mama Sindano alicheka mpaka miwani ikateleza. Akasema basi Jumatatu atamletea maji mwenyewe, haifai kusalimiwa bila kujibu.

Watu wengi husema hivyo na hawaji. Yeye alikuja. Jumatatu wakati wa mapumziko aliingia langoni na ndoo ndogo iliyofunikwa kanga, akapita kando ya vyoo akikunja uso, akafika uwanja wa nyuma. Karani akamwongoza hadi namba sitini na nane. Mama Sindano alimwaga maji taratibu, kidogo kidogo, kama anayemnywesha mgonjwa. Alizungumza na mti kwa sauti ya chini. Aliuomba radhi kwa zile zipu. Kisha akaona jani moja limekauka, akalivuta, na mti wote ukaja mkononi.

Akauangalia chini. Hapakuwa na mzizi. Palikuwa na mkato wa mshazari.

"Nimekata nguo miaka thelathini," alisema. "Mkato naujua. Huu ni wa kisu butu na mkono wa mtoto."

Mama Sindano akapiga magoti, akafukua pale shimoni kwa mkasi wake mdogo, akakutana na kitu laini, akavuta. Kilikuwa kifuko cheusi. Ndani yake mizizi ya mche wa zamani ilikuwa imejizungusha, imezunguka na kuzunguka ikitafuta mahali pa kutokea, mpaka ikawa donge. Ilikuwa imeoza. Harufu iliyotoka ilikuwa ya maji ya vyombo yaliyosahauliwa kwenye beseni siku tano. Mama Sindano alikishika kile kifuko mbali na mwili wake, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekuta kitu hicho ndani ya chakula alichokwisha kumeza nusu.

"Nilikuwa nalala vizuri, unajua," alisema.

Angefoka, ingekuwa nafuu. Angechapa, ingekuwa nafuu zaidi. Alijifuta mikono kwenye majani, akamwambia kwamba amealikwa kuja Alhamisi pamoja na wateja wengine, siku ya kukabidhi tangi, na kwamba yeye hatafungua kinywa mpaka daftari lisomwe. "Daftari ni lako, mwanangu. Mimi si mwandishi wake."

Jioni ile, sakafuni katikati ya vifurushi, Karani alimweleza baba yake yote: mifuko, matawi, kisu, kalamu, sitini na nane. Alisema haraka, kama anayetapika. Alimaliza kwa kusema kwamba akisoma ukweli shule itakosa maji, na watoto watazidi kuumwa, na kosa litakuwa lake.

Baba alifungua mfuko wa koti lake la kazi akatoa rola nene ya stika za kijani, akaiviringisha sakafuni ikajifungua kama ulimi. Moja, mbili, tatu, mpaka mia moja. Baada ya mia moja, moja tena.

"Zikibanduka njiani, mimi ndiye ninayebandika nyingine," alisema. "Wanatupa rola kila mwezi. Walipie, wasilipie, kila sanduku lina jani. Wiki hii peke yake nimepeleka sitini na nane nne. Nyumba nne, mti mmoja. Na mti wenyewe, kumbe, ni tawi la wigo." Alikohoa, akatema nje ya mlango, akarudi. "Nilijua kuna uchafu. Nikajiambia mimi mtu mdogo, nabeba tu. Choo hakina tofauti. Kila mtu anapita haraka ameziba pua, anasema si mimi niliyekichafua."

"Nifanye nini, Baba?"

"Sikuamrishi. Nikikuamrisha useme kweli, nami nina rola hii mfukoni, nitakuwa mkubwa mwingine." Akaanza kuikunja. "Ila usiseme kosa litakuwa lako. Sema fungu lako. Uongo uliuandika wewe, hilo ni lako. Mengine yana wenyewe."

Jumatano Karani alirudi uwanjani peke yake na daftari. Safari hii alipiga magoti kwa kila mche, akachimba kwa kidole. Alipofika mstari wa mwisho, ule wa mlinzi, akakuta majani mapana, ya kijani kibichi, yanacheza. Mmoja ulikuwa umeliwa na mbuzi. Mingine tisa ilimfikia magotini.

Alhamisi lori lilikuja na tangi mgongoni, jeusi, jipya, limechorwa jani. Liliegeshwa mahali ambapo kila mtoto angeliona. Mkurugenzi wa kampuni alikaa mbele, kitambaa puani, maana kiti chake kiliwekwa upande upepo wa vyooni unakoelekea. Alitoa hotuba ndefu kuhusu hewa safi. Ilikuwa ajabu kuisikia hotuba ile kupitia kitambaa. Bwana Picha alizunguka na kamera yake. Wateja watano walikaa pembeni, Mama Sindano akiwa wa mwisho, na begi mapajani.

Karani akaitwa.

Alisimama. Akalishika daftari kwa mikono miwili. Alilitazama tangi, akavitazama vyoo. Akawaona wale wa darasa la kwanza mstari wa mbele, miguu mitupu, na hakujua wangeruka ruka kwenye utelezi ule mpaka lini.

"Miche iliyopandwa ni mia moja," alisoma. "Iliyo hai ni tisa."

Watu walidhani hawakusikia vizuri. Bwana Picha alicheka akasema mtoto ameingiwa na woga wa watu. Mwalimu Mkuu akamwambia kwa upole asome tena, polepole. Karani akalifunga daftari, kwa sababu yaliyobaki hayakuwa yameandikwa.

"Hai ni tisa, Mwalimu. Tisini na moja imekufa. Ile ya kijani ni matawi ya wigo, tumeyachomeka sisi. Mimi ndiye niliyeandika kila Ijumaa kuwa ni hai. Miche ilikufa kwa sababu tuliizika na mifuko yake, na Bwana huyu aliyaona matawi, akatusifu, akanipa hii." Akatoa kalamu begini akaiweka juu ya meza ya Mkurugenzi.

Bwana Picha akaanza kusema watoto wa siku hizi. Hakumaliza. Mama Sindano alikuwa amefungua begi, na kile kifuko cheusi chenye mizizi iliyooza kilikuwa juu ya kitambaa cha meza, karibu na chupa ya maji ya Mkurugenzi. Mkurugenzi aliruka na kiti chake.

"Huo ni mti wangu," alisema Mama Sindano. "Sitini na nane."

"Na wa daktari wa meno," ikasema sauti kutoka langoni. "Na wa mwenye saluni, na wa nyumba ya geti jekundu." Baba alikuwa amesimama pale, kofia ya pikipiki mkononi, vifurushi vya watu bado mgongoni. Alikuja mpaka mezani, akaweka ile rola. Wateja wengine wanne walisogea, wakaikunjua, wakaanza kutafuta namba zao. Hawakuchukua muda kuzipata. Kila namba ilionekana mara kumi.

Mkurugenzi alisema suala hilo litachunguzwa. Wakubwa wakisema litachunguzwa, maana yake ni twendeni. Waliingia garini, dereva wa lori akaambiwa ageuze, na watoto mia saba wakasimama wakilitazama tangi lao likitoka langoni, tupu, likigongagonga.

Mvulana mmoja wa darasa la saba alisema kwa sauti, "Msaliti." Wengine wakalipokea. Karani aliinamisha kichwa.

"Msaliti ni mama yenu aliyewazaa na masikio mkayatia pamba," Spika alifoka, na shule nzima ilisikia, hata waliokuwa chooni. "Tawi nilisema mimi. Kisu nilileta mimi na nyinyi mlinishikia. Mkitaka kumtukana, tupangeni mstari wote saba."

Mwalimu Mkuu alimwambia Spika achunge ulimi. Kisha akafanya jambo ambalo wakuu hulifanya kwa nadra kama kupatwa kwa jua. Alisimama mbele ya wanafunzi akasema kwamba kwa muhula mzima alilisoma daftari kila Jumatatu na hakutembea hata siku moja mpaka uwanja wa nyuma, hatua mia mbili, kwa kuwa alilitaka tangi na aliogopa atakachokikuta. Akasema kosa la mtoto lilianza kwenye uvivu wa miguu yake yeye.

Wiki iliyofuata wazazi waliitwa. Walikuja wakiwa na hasira, na hasira ikipata kazi huwa si mbaya. Mzazi mmoja, fundi bati, alisema paa la shule ni kubwa kuliko tangi lolote, tatizo ni kwamba mvua yote inamwagika chini. Bati mbovu zikakunjwa kuwa mifereji. Mapipa manne yakapatikana, mawili yakiwa yamewahi kubeba rangi, yakasuguliwa kwa mchanga mpaka mikono ikachubuka. Mvua ya kwanza iliponyesha, baba alikunja suruali akaongoza kuosha vyoo. Kilichotoka humo hakisimuliwi. Lakini jioni Spika alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akatangaza kwamba sasa mlango unahitajika.

Pikipiki haikuwepo tena chumbani. Kampuni iliichukua siku ileile. "Wamechukua chuma chao, wameniachia moshi kifuani," baba alisema, na akawa anakunywa chai yake bila kufunika. Bwana Picha hakufukuzwa; alihamishiwa mji mwingine, na stika zikabadilishwa rangi. Lakini kwenye mtaa wa mafundi hazikupokelewa tena. Mama Sindano aliwakusanya mafundi wenzake tisa, wakakubaliana waandike mahitaji yao kwenye karatasi moja, zipu na vifungo na uzi vyote, viagizwe pamoja mara moja kwa wiki, bila masanduku ya kulaza kuku. Mzigo unashuka kituo cha mabasi kila Jumanne, na baba anauchukua kwa baiskeli. Safari zilizokuwa thelathini zikawa moja, nayo haina bomba.

Kilichobaki ni mifuko themanini na tisa ardhini. Jumamosi moja Karani, wenzake sita na wazazi wao waliifukua yote. Lilikuwa rundo jeusi, limenata, linanuka, na mizizi mikavu ilitokeza humo kama vidole. Baba aliliangalia kwa muda, ameegemea jembe.

"Liangalieni vizuri," aliwaambia. "Moshi wangu ulikuwa wangu. Nilitakiwa niupunguze mimi, si kumlipa mtu aseme haupo. Mti ni kitu kizuri, pandeni, lakini mti si kifutio. Na ukiandika daftari, andika ulichokiona hata kikikunyima unachokitaka, kwa sababu kitu kilichozikwa ndani ya uongo hakioti, kinaoza tu na kumnukia aliye karibu." Akamgeukia Karani, sauti ikashuka. "Na mkubwa akikusifu, mama, nusa mkono wake kwanza."

Walipanda miche mipya kumi na mitano tu, kwa kuwa mlinzi alisema ndiyo wanayoweza kuinywesha. Vifuko vilichanwa vyote na kuhesabiwa. Mmoja, karibu na ukuta, ulipewa kibati cha zamani namba sitini na nane.

Mama Sindano bado huuliza kila Jumanne, bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Sitini na nane wangu hajambo?"

"Leo hajambo sana, Mama," Karani humjibu, daftari kwapani. "Ameangusha jani moja tangu jana, na wadudu wamemtoboa jingine. Nimeandika."

"Vizuri," husema Mama Sindano, na cherehani huendelea.